Tarakimu ya mwisho imekubali, mbona Kituo hakikupita?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari hapa Tanga, na mwaka huu nimeanzisha klabu ya anga na vijana wa kidato cha tatu. Kompyuta ya maabara haina intaneti. Kwa hiyo kijana mmoja huitafuta kwenye simu ile mistari miwili ya obiti ya Kituo cha Anga cha Kimataifa, anainakili kwenye daftari, halafu tunaiingiza kwenye kompyuta. Mara ya kwanza tulipanda juu ya paa tukangoja nusu saa, hakikupita kitu, ingawa programu iliikubali mistari yote miwili. Mara ya pili kilipita, ila kilichelewa kama sekunde 40 kwa saa ya simu. Mistari hiyo ya pili ilikuwa na umri wa siku nne. Je, data hizi zina makosa? Nani anazikagua kabla hazijatufikia? Na sisi wenyewe tunaweza kuzisahihisha?

JIBU: Marahaba, Mwalimu, na hongera kwa klabu. Umeniandikia kisa kimoja lakini mimi naona viwili, na havina undugu. Siku ambayo hakikupita kitu, nadhani kosa liliingia njiani, kati ya simu na kompyuta yenu. Siku ya sekunde 40, mistari ilinakiliwa vizuri tu. Kituo chenyewe ndicho kilichoiacha mistari nyuma. Kilichowachanganya siku zote mbili ni kuamini kwamba programu ikiukubali mstari, basi mstari ni wa kweli. Programu haiujui ukweli. Inachotazama ni kama mstari umefika vile ulivyotumwa, na hata hilo inalitazama kwa jicho moja.

Tuweke mistari mezani. Nitatumia ya zamani, ya mwaka 2008, kwa sababu imefundishia watu wengi na kwa sababu ina kioja ambacho nitakirudia huko mbele:

1 25544U 98067A   08264.51782528 -.00002182  00000-0 -11606-4 0  2927
2 25544  51.6416 247.4627 0006703 130.5360 325.0288 15.72125391563537

Kwenye mstari wa kwanza, 25544 ni namba ya Kituo katika orodha ya vitu vilivyomo angani. Sputnik ni namba 2 kwenye orodha hiyo, na namba 1 ni roketi iliyoibeba. Ile 08264.51782528 ndiyo wakati ambao mistari hii inausemea: mwaka 2008, siku ya 264, na sehemu ya siku. Mwaka ule Februari ilikuwa na siku 29, kwa hiyo siku ya 264 ni tarehe 20 Septemba. Sehemu ya siku ukiizidisha kwa 24 unapata saa 12, dakika 25 na sekunde 40 za UTC, yaani saa ya kimataifa.

Mstari wa pili ndio wenye umbo la obiti. 51.6416 ni mwinamo wake juu ya ikweta, kwa nyuzi. 247.4627 ni nodi, yaani upande ambao obiti inaikata ikweta setilaiti ikipanda kaskazini. 0006703 ni kiasi ambacho obiti imeachana na duara kamili. Hapo nukta haiandikwi, isome 0.0006703. Zinafuata pembe mbili za kusema setilaiti iko wapi kwenye njia yake, kisha 15.72125391, idadi ya mizunguko kwa siku, iliyobanana na 56353, hesabu ya mizunguko tangu kirushwe. Mwisho kabisa, safu ya 69, kuna ile 7.

Hiyo 7 ndiyo tarakimu ya ukaguzi. Kanuni yake ni nyepesi kiasi kwamba kijana wako anaweza kuifanya kwa kalamu: jumlisha tarakimu zote za mstari isipokuwa hiyo ya mwisho, kila alama ya kutoa ihesabu kuwa moja, herufi na nukta na nafasi tupu ziwe sifuri, kisha chukua tarakimu ya mwisho ya jumla. Mstari wa pili hapo juu unatoa 197, kwa hiyo 7. Wa kwanza unatoa 157, nao ni 7 kwa sadfa. Wafanyishe vijana hesabu hiyo mara moja tu, wataikumbuka.

Sasa chukua ile nodi, 247.4627, uiandike 274.4627. Nne na saba zimepishana. Kijana anayenakili kutoka kwenye kioo kidogo cha simu hufanya hivyo bila kujijua. Hata mimi hufanya. Jumlisha tena: 197. Tarakimu ya ukaguzi ni ileile na programu inapokea. Ni kama karani anayehesabu marobota ya mkonge yanapoingia ghalani: yametoka 40, yamefika 40, anatia sahihi. Robota la daraja la kwanza likibadilishwa na la daraja la tatu njiani, hesabu yake haimwambii lolote.

Tofauti ya hapo ni nyuzi 27. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo obiti yenu ya kwenye kompyuta ilikuja juu ya Tanga kama saa moja na dakika 48 nje ya wakati wake, na kwa kuwa setilaiti nayo haingojei mahali pamoja, huenda wakati huo ilikuwa juu ya bahari nyingine kabisa. Nusu saa mliyokaa juu ya paa isingetosha hata mngekuwa na subira ya mvuvi.

Ukaguzi huo haufeli kila mahali. Kosa la tarakimu moja, kwa mfano 6 iliyoandikwa 8, linakamatwa kila mara. Zikikosewa mbili bila mpangilio, karibu jozi moja katika kumi hupenya. Zikipishana, hupenya zote. Namba ya ISBN nyuma ya vitabu vyenu vya kiada ni kali zaidi, kwa sababu kila nafasi imepewa uzito wake, moja na tatu kwa kupokezana, kwa hiyo tarakimu jirani zikibadilishana mahali mara nyingi jumla inabadilika. Muundo wa mistari ya obiti ni wa enzi za kadi za kutoboa za kompyuta za zamani, na umebaki hivyo kwa sababu dunia nzima ilishaandika programu za kuusoma.

Jambo jingine la kutazama kwenye lile daftari ni nafasi. Programu haitafuti namba, inahesabu safu. Mwinamo unaanzia safu ya 9 hadi ya 16, na kama 51.6416 imesogea safu moja kushoto, kinachosomwa ni kitu kingine. Herufi O badala ya sifuri, alama ya kutoa iliyogeuzwa na simu kuwa dashi ndefu, nukta iliyoongezwa kwa nia njema kwenye 0006703, yote hayo nimeshayaona. Ningependa mnakili kwenye karatasi ya miraba, herufi moja kwa mraba, safu 69 zimehesabiwa juu. Ni utumwa kidogo, lakini unalipa. Na kama kuna njia ya kuhamisha faili kwa waya kutoka kwenye simu, achaneni na daftari kabisa.

Kabla sijaondoka kwenye siku ile ya kwanza, hebu hakikisha mambo mawili ambayo hayamo ndani ya mistari. Tanga iko latitudo 5.07 kusini na longitudo 39.10 mashariki. Programu nyingi zinataka kusini iandikwe kwa alama ya kutoa na mashariki bila alama, lakini zipo za zamani zinazohesabu magharibi kuwa chanya. Mkisahau alama ya kusini, mmehamia kwa Waborana, kusini mwa Ethiopia. Mkikosea ya mashariki, mko jimbo la Ceará, Brazil, na Kituo kitawapitia kwa saa za huko.

La pili ni saa, na hili ni letu sisi wenye Kiswahili. Mistari na utabiri mwingi huja kwa UTC. Sisi tuko saa tatu mbele, halafu midomo yetu inahesabu kuanzia mapambazuko. Hesabu zote mbili ukiziunganisha, kanuni inakuwa moja: saa ya Kiswahili ni UTC kutoa tatu. UTC 12:25 ni saa 9:25 alasiri. UTC 18:40 unapata 15:40, toa 12, saa 3:40 usiku. Tarehe nayo ina mtego wake. Saa 8 usiku kwetu ni 23:00 ya UTC, tarehe ya jana. Ukimwambia kijana wa pwani “usiku wa Ijumaa” anaweza kuja Alhamisi jioni, na hatakuwa amekosea.

Nina kovu hapo. Miaka yangu ya mwanzo ya upimaji, tulikuwa tukipima alama upande wa Kaole hapa Bagamoyo kwa vipokezi vya GPS. Msaidizi wangu aliandika kwenye kitabu cha uwandani “tumeanza saa 2:10”, naye alikuwa sahihi, ilikuwa asubuhi. Aliyekuwa ofisini akatafuta kwenye faili data za 02:10 UTC. Hazikuwapo, maana kipokezi kiliwashwa 05:10. Akaamua kwamba kipokezi kimekufa, kikapelekwa kwa fundi kikiwa kizima kabisa, na fundi akakifungua. Tangu hapo kitabu changu kina safu mbili za saa, na juu ya kila safu pameandikwa ni saa ya nani.

Sasa, mngeligunduaje kosa la 247 na 274 bila kumwita mtaalamu? Kwa kutouangalia mstari peke yake. Dunia si tufe kamili. Imevimba kwenye ikweta, na uvimbe huo unaivuta obiti izunguke polepole. Kwa obiti ya Kituo, nodi hurudi nyuma kama nyuzi 5 kila siku, 5.1 kwa kimo cha mwaka 2008. Hiyo si takwimu ya kukariri tu, inatokana na mwinamo na kimo, na mwanafunzi wa kidato cha sita anaweza kuikokotoa. Kwa hiyo kama leo ni 247.46, jana ilikuwa karibu na 252.6, na kesho itakuwa karibu na 242.4. Mkiwa na mstari wa jana daftarini, 274 inajianika yenyewe.

Mwinamo ndio mtulivu kuliko zote: 51.64 haitikisiki siku hadi siku isipokuwa kwenye tarakimu za mwisho. Ukiona 51.46, ni mkono wa mtu. Mizunguko kwa siku nayo ina kimo ndani yake. Gawa dakika 1440 kwa 15.72125 unapata dakika 91.6 kwa mzunguko, na kwa kanuni ya tatu ya Kepler hiyo ni obiti ya kilomita kama 353 juu ya ardhi, kimo ambacho Kituo kilikuwa nacho mwaka 2008. Sasa kiko juu zaidi ya kilomita 400, na mizunguko kwa siku imepungua kidogo. Mstari ukikuletea 17.52 badala ya 15.72, hesabu inakwambia kiko zaidi ya kilomita 100 chini ya ardhi, jambo lisilowezekana. Basi kuna tarakimu zimepishana.

Hivi ndivyo wakaguzi wenyewe wanavyofanya, tofauti ni wingi tu. Wanachukua mistari ya mwezi mzima ya setilaiti moja, wanachora kila namba kwenye grafu, na mstari mbovu unajitokeza kama jino lililovunjika. Au wanauchukua mstari wa jana, wanauendesha mbele kwa hesabu hadi wakati wa mstari wa leo, halafu wanapima umbali kati ya sehemu mbili zilizotabiriwa. Kwa setilaiti iliyotulia, umbali huo ni kilomita chache. Ukiruka ghafla kuwa makumi ya kilomita, ama mstari ni mbovu, ama kuna jambo limetokea angani.

Hapo ndipo tunapofika kwenye sekunde zako 40.

Kituo kinakwenda kama kilomita 7.7 kwa sekunde. Sekunde 40 ni kilomita 300 na ushei, kutoka hapo Tanga hadi mbali kusini ya Dar es Salaam. Mistari hii ikiwa mipya huwa na kosa la kama kilomita moja, na kwa setilaiti za chini kosa hilo huongezeka kilomita moja hadi tatu kwa siku katika hali ya kawaida. Siku nne zingekupa labda sekunde moja au mbili. Arubaini si uzee wa kawaida.

Na angalia upande wa kosa. Ulisema kilichelewa. Hewa nyembamba iliyobaki huko juu huiburuta setilaiti, setilaiti inashuka, na ikishuka mzunguko wake unakuwa mfupi, kwa hiyo inawahi. Hili huwashangaza wanafunzi kila mwaka: breki inaiharakisha. Hewa ikiwa nzito kuliko ilivyotarajiwa, kwa mfano baada ya dhoruba ya jua, Kituo kingefika kabla ya saa. Kuchelewa kiasi hicho kwaelekea kumaanisha kimepanda, na hakuna hewa inayopandisha. Nashuku injini. Kwa kuwa hushuka kila siku, Kituo hunyanyuliwa mara kwa mara na injini zake au za chombo kilichotia nanga, na mistari yako ya siku nne ilikuwa haina habari.

Hesabu inakubali. Obiti ikinyanyuliwa kilomita moja tu, kila mzunguko unarefuka kwa sekunde 1.2 hivi, na kwa mizunguko 15 na nusu ya siku unapata kama sekunde 19 kwa siku. Sekunde 40 ni kilomita moja iliyopandishwa siku mbili kabla hamjapanda juu ya paa, au nusu kilomita siku nne kabla. Kuna namna ya kulijaribu hili dhidi ya shaka nyingine, kwamba saa ndiyo iliyokosea. Saa ikiwa imekosea kwa sekunde 40, kesho itakosea kwa 40 zilezile. Kituo kikiwa kimenyanyuliwa, kesho kwa mistari ileile kitachelewa karibu sekunde 60 katika ule mfano wa kwanza, 50 katika wa pili. Pigeni vipimo viwili, siku mbili mfululizo, bila kubadilisha mistari. Saa ya simu iliyo kwenye mtandao inaaminika. Ya kompyuta isiyo na intaneti, yenye betri ya miaka mingi, siiamini hata kwa dakika mbili.

Nilikuahidi kioja. Rudi kwenye mstari wa kwanza wa 2008, uone -.00002182 na -11606-4. Ya kwanza inasema kasi ya mizunguko inabadilikaje, ya pili ni kipimo cha msuguano wa hewa, isome -0.11606 mara kumi kwa kipeo cha -4. Zote mbili ni hasi. Ukizichukua kwa maneno yake, mstari unasema hewa ilikuwa ikikisukuma Kituo mbele na kukipandisha. Kijana makini ataziona, atakimbilia kufuta alama ya kutoa, na atajiona amesahihisha.

Asifute. Hakuna aliyekosea kunakili, na 7 inakubali kwa haki. Namba ile ya msuguano haikupimwa kwa chombo chochote. Imetoka kwenye hesabu inayojaribu kuipitisha obiti moja katikati ya vipimo vingi vya rada, na kila kisichoelezeka kwa namba nyingine hutupiwa humo: injini iliyowashwa kidogo, hewa iliyobadilika, makosa ya vipimo. Ndiyo kapu la makombo. Hasi kwenye kapu hilo mara nyingi ni alama ya chombo kilichosukumwa ndani ya muda wa vipimo. Mstari kama huo unafaa kwa siku ile, lakini mimi nisingeuendesha mbele wiki nzima.

Umeuliza nani anazikagua. Vipimo vinakusanywa na rada na darubini za Kikosi cha Anga za Juu cha Marekani, vinachambuliwa, na mistari inatolewa kwa umma kupitia tovuti ya Space-Track. Watu wengi huisoma kwa CelesTrak, huduma nyingine ya data hizi, ambayo T. S. Kelso ameitunza tangu 1985. Ndani ya uchambuzi, kila kipimo hulinganishwa na obiti iliyotarajiwa. Kilichotoka nje mno hutupwa, hesabu inarudiwa, mpaka masalio, yaani tofauti zilizobaki, yatulie. Hapo kuna uamuzi mgumu zaidi kuliko hesabu: kipimo kilichotoka nje ni takataka, au setilaiti kweli imehama? Ukitupa upesi, unajizuia kuiona injini. Ukikubali upesi, unaiharibu obiti nzuri kwa mwangwi wa kitu kingine.

Kosa la aina hiyo lisiloonekana kwenye mstari wowote ni la jina. Taifa-1 ya jirani zetu wa Kenya iliporushwa tarehe 15 Aprili 2023, ilikuwa pamoja na makumi ya setilaiti nyingine ndogo kwenye roketi moja. Kundi la namna hiyo siku za mwanzo huwa kama mbuzi waliofunguliwa zizi pamoja. Rada inaona kila mmoja, haioni jina. Namba ya huyu inaweza kupewa yule, na mistari yote ikawa safi, tarakimu zote zikakubali, ila ni ya setilaiti nyingine. Huwa ni wenye setilaiti, kwa kusikiliza redio yake, ndio wanaosema “hii ndiyo yetu”.

Na hata mistari safi ina mpaka wake. Tarehe 10 Februari 2009 setilaiti mbili, Iridium 33 na Cosmos 2251, ziligongana juu ya Siberia, kwenye kimo cha kilomita 790 hivi. Utabiri wa siku ile uliotokana na mistari ya namna hii ulisema zingepishana kwa mita 584, na siku hiyo zilikuwapo jozi zilizotabiriwa kupishana karibu zaidi, zisigongane. Mistari haikuwa imeharibika. Ilikuwa tu na uwezo wa kilomita, na swali lilikuwa la mita.

Kwetu wapima ardhi mambo ni mengine. Obiti za GPS tunazotumia kwa kazi ya milimita hukokotolewa na vituo kadhaa vya uchambuzi, kila kimoja kwa njia yake, kisha majibu yanalinganishwa na kuunganishwa, na anayetofautiana na wenzake hupunguziwa uzito. Vipimo vinatoka kwenye antena zilizotapakaa dunia nzima, Malindi ikiwamo. Kinachotoka mwishoni kina kosa la sentimita mbili tatu, lakini lazima ungoje karibu wiki mbili. Wewe unahitaji jibu kabla ya magharibi ya leo, kwa hiyo kilomita inakutosha.

Sasa kusahihisha. Usiguse tarakimu. Namba za mistari hii zimelainishwa kwa kanuni maalumu, SGP4, na zinafungana na kanuni hiyo tu. Vijana wakiandika programu yao wasizitie kwenye Kepler mtupu, na wasijaribu “kuboresha” nusu kipenyo cha Dunia kutoka 6378.135 hadi 6378.137 kwa kuwa wameona ya pili ni mpya zaidi. Mistari ilipikwa kwa ile ya kwanza, ipakuliwe kwa ileile.

Kinachosahihishika ni wakati. Makosa mengi ya setilaiti za chini huwa mbele au nyuma kwenye njia ileile, si kando. Kwa hiyo pimeni kuchelewa, muongeze kwenye saa ya utabiri, na mtakuwa sawa mpaka mpate mistari mipya. Kupima kwa macho, chagueni nyota angavu ambayo njia ya Kituo inapita karibu nayo. Msimu wake ukiwa umefika, Kilimia kinafaa sana. Mmoja anatazama na kusema “sasa”, mwingine ana saa, wa tatu anaandika. Watu watatu, wala si mmoja anayefanya yote.

Mkipata kipokezi kidogo cha redio cha kuchomeka kwenye USB, kuna njia tamu zaidi. Kituo kikiwa hewani kwenye megahezi 145.800, masafa mtakayopokea yatakuwa juu kidogo kinapokuja, kilohezi tatu na ushei, na chini kiasi hichohicho kinapokwenda. Dakika masafa yanapoivuka 145.800 ndiyo dakika kiko karibu nanyi kuliko zote. Ilinganisheni na utabiri, zidisheni tofauti ya sekunde kwa 7.7, mna kosa la obiti kwa kilomita. Oktoba 1957, William Guier na George Weiffenbach wa maabara ya APL Marekani walifanya hivyo kwa mlio wa Sputnik, na kutokana na mlio huo peke yake wakaipata obiti nzima.

Kwa sasa nitumie picha ya ule ukurasa wa daftari wa siku ya kwanza, wenyewe kama ulivyo. Kijana asiuandike upya kwa hati nzuri. Na kama mistari ya siku iliyotangulia au iliyofuata bado imo, piga picha na hiyo. Nikiona nodi tatu mfululizo nitakwambia kama ni mkono wake au ni ile alama ya kusini.